Mmea Hauanzii Sokoni: Niliyoyapitia Nikisoma Mimea na Watu wa Lubumbashi

Ukisema hapa Lubumbashi, mjini kwetu Katanga, kusini mwa Kongo, kwamba unasomea mimea, watu wanangoja umalize sentensi. Mimea ya nini? Mahindi? Mji wetu ulizaliwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba, kiwanda cha kuyeyusha kikawasha moto 1911, na mpaka leo mzazi anayempenda mwanawe anamtuma akasomee migodi au umeme. Papa yangu aliniuliza swali moja tu: “Na kazi utaipata wapi, ku pori?” Nilicheka kwa sababu sikuwa na jibu. Haya nayaandika kwa yule anayekaribia kuanza kazi kama yangu, ya kusoma jinsi mimea, watu na ardhi vinavyogeuzana, ili asipoteze pesa na msimu mzima wa mvua pale ambapo wengi wetu tulipoteza.

Kazi hii ina jina lake la shule, ethnobotania, na ina mazoea yake. Rafu za vyuo zimejaa memwari, yaani tasnifu za kumaliza masomo, zinazofanana: jedwali refu, jina la mmea kwa Kibemba, Kilamba au Kiluba, jina la kisayansi, sehemu inayotumika, ugonjwa, namna ya kutayarisha. Mizizi, kuchemsha, tumbo. Maganda, kusaga, meno. Nilipewa moja niifuate kama mfano. Jedwali kama hilo lina faida, silidharau, ila halikwambii kama mmea wenyewe bado upo, nani anautoa porini, anatembea umbali gani kuufikia, na kitu gani kilitokea mpaka akaanza kutembea hivyo. Mimi nashikilia kwamba hayo ndiyo maswali ya kazi hii. Jedwali litajijaza lenyewe njiani.

Fomu niliyoanza nayo ilikuwa kwa Kifaransa, kurasa nyingi, vijisanduku vya kutia alama. Katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, haikudumu hata asubuhi moja. Mama anayeuza uyoga hana muda wa vijisanduku: beseni liko juani, mali inasinyaa, wateja wanapita. Ukimsimamia na karatasi anakuona mtu wa kodi. Mmoja wao alinitazama kuanzia viatu mpaka kalamu, akaniambia: “Weye mwana, nunua kwanza. Kisha uulize.” Nikanunua. Tangu hapo kila mazungumzo yalianza kwa fungu moja la bidhaa, na fungu hilo tulilila nyumbani na bukari, ugali wetu, kwa hiyo kwenye hesabu zangu silitii upande wa hasara.

Fomu ikabaki nyumbani. Nikawa na ombi moja: “Mama, nitajie uyoga wote unaoujua.” Kisha nanyamaza. Mtu anataja kwanza ule anaouza sana, halafu ule anaoupenda yeye mwenyewe, halafu, ukikivumilia kimya, ule wa utoto wake ambao siku hizi hauoni. Habari yenyewe iko huko mwishoni. Mwanafunzi mwenye haraka anageuza ukurasa kabla haijafika. Ombi hilohilo ukilirudia kwa mtu yuleyule mwezi wa kumi na mbili, na tena mwezi wa sita mvua zikiwa zimekwisha, atakupa orodha mbili tofauti, na zote ni za kweli.

Yule mama wa soko la Kenya hakutaka jina lake liandikwe, basi nitamwita Mama tu. Siku moja alikuwa na uyoga wa namna mbili mbele yake: ule mkubwa mweupe wa kichuguu, na ule mdogo wa rangi ya machungwa unaoonekana kando ya barabara zote mvua zikishakomaa. Nikamuuliza kwa nini ule mdogo umepanda bei. Akasema ule wa kichuguu hautakosa maadamu mchwa wapo. Huu mwingine unataka miti. “Muti ukikatwa, naye anaenda nao.” Nikaandika vile alivyosema, bila kujua nimeandika nini.

Maelezo niliyapata baadaye. Uyoga wa kichuguu, wataalamu wanauita Termitomyces, unalimwa na mchwa wenyewe ndani ya vichuguu vyao, juu ya mabaki ya mimea waliyoyakusanya na kuyasaga. Kuna aina moja ya ukanda huu wetu na Zambia, Termitomyces titanicus, ambayo kofia yake inaweza kufika karibu meta moja kwa upana. Ukiiona barabarani mtoto ameibeba, unaona miguu tu. Ule wa rangi ya machungwa, wa jamii ya Cantharellus, hauna mchwa wa kuulea. Nyuzi zake chini ya ardhi zimevalia mizizi ya miti ya miombo: muputu, mutondo, misuku na wenzao. Kuvu anautafutia mti maji na fosforasi, mti unamlipa kwa sukari inayotengenezwa na majani. Mti ukienda, malipo yamekwisha, na uyoga hauoti. Mama alikuwa ameyasema yote hayo akinihesabia chenji.

Hapo nikabadili mwendo. Badala ya kuuliza mmea unatumikaje, nikaanza kuufuata kinyumenyume, kutoka beseni hadi gari, kutoka gari hadi kando ya barabara, kutoka barabara hadi mguu wa mti. Mama akanikabidhi kwa binti wa dada yake, tukaenda upande wa barabara ya Kasenga alfajiri, na kurudi tukapanda lori la makala, yaani mkaa. Nimelikumbuka lori lile kuliko kitabu chochote nilichosoma mwaka ule. Chini magunia ya makala yamepangwa mpaka juu ya bodi, yamefungwa nyasi mdomoni. Juu yake sisi, na mapajani mwetu mabeseni ya uyoga yaliyofunikwa majani. Dereva mmoja, nauli moja. Uyoga ulikuwa unasafiri kwenda mjini juu ya miti iliyokuwa ikiulea.

Nikarudi kumtafuta mchoma makala. Hapa nitoe onyo la vitendo: usiende umevaa fulana yenye nembo wala koti la kazi, na usiende peke yako. Wachomaji wengi wameshadaiwa pesa na watu wa kila aina waliojitambulisha kuwa ni wa mazingira. Pita kwanza kwa shefu wa kijiji, na barua yako ya chuo yenye muhuri, sukari na sabuni. Sijui mtu aliyewahi kufaulu kazi hii akimruka shefu. Barua hiyo pia itakusaidia kwenye barieri, vile vizuizi vya barabarani, japo si kila barieri inasoma.

Papa niliyemkuta alinitembeza kwenye tanuri lake bila kinyongo. Magogo yamelazwa, yakafunikwa majani na nyasi, kisha udongo, moto ukawashwa ubavuni, na yeye akalala hapohapo siku kadhaa akiziba kila ufa unaotoa moshi usio wa rangi anayoitaka. Moshi mweupe mzito, maji bado yanatoka. Ukiwa wa buluu na mwepesi, karibu yameiva. Tanuri la udongo kama hilo, katika kila kilo 100 za kuni kavu, linatoa makala kilo kati ya 10 na 20 hivi. Mengine yote ni moshi. Anakata mutondo na muputu kwa sababu makala yake ni mazito na hayaishi upesi, ambayo ndiyo sifa anayoidai mke wa mjini. Lakini ndani ya eneo lake nikaona misuku na mipundu imesimama, haikuguswa. “Ile haiko makala, iko chakula,” akasema. Matunda yake watoto wanauza barabarani.

Kitu alichonifundisha, ambacho hakikuwa katika jedwali lolote, ni kwamba kisiki hakijafa. Msitu wa miombo unarudi zaidi kwa machipukizi ya visiki na mizizi kuliko kwa mbegu. Alinionyesha mahali palipokatwa zamani, miti imepita kichwa changu. Panapokufa kabisa ni pale tanuri lenyewe lilipoungulia, udongo umepikwa na mizizi yake, na pale jembe linaporudi kila mwaka. Halafu kuna moto wa pori. Ukipita mapema, mwezi wa tano au wa sita, nyasi bado zina unyevu na machipukizi yanapona. Ukipita mwezi wa tisa au wa kumi, yote yamekauka na majani mapya yanachomoza, unaunguza mpaka kiini. Wataalamu wa Ndola, upande wa pili wa mpaka, walikwisha kulithibitisha hilo kwa viwanja vya majaribio vilivyoanzishwa miaka ya 1930. Yule papa hajawahi kusikia habari za Ndola. Anawagombeza tu wawinda panya wanaowasha moto wa kuchelewa.

Niliondoka mjini nikiwa na hasira na wachoma makala, nilirudi nikiwa sina. Umeme ukikatika mtaani kwetu Katuba saa kumi na moja jioni, mbabula, jiko letu la uani, unawashwa kwa makala ya mtu kama yeye. Utafiti unaoanza kwa kutafuta mwenye kosa unaletewa majibu ya kujitetea, na majibu ya kujitetea hayana mmea ndani yake.

Sasa sehemu ngumu, ile ambayo hakuna aliyenisimulia: kukausha sampuli wakati wa mvua. Mmea hauhesabiki kuwa umejulikana mpaka uwe na tawi lake lililobanwa, lililokaushwa, lenye ua au tunda, pamoja na kikaratasi cha mahali, tarehe, aina ya udongo na jina alilolitaja mtu. Unabana kati ya magazeti na katoni, unakaza kwa kamba. Mwezi wa kumi na mbili gazeti ulilobadili asubuhi linalowa jioni, siku ya tatu unasikia harufu, siku ya nne kuna ukungu wa kijivu juu ya jani, na wiki ya kazi imeoza chini ya kitanda. Ilinitoa machozi, sifichi. Kinachosaidia: badilisha magazeti mara mbili kwa siku bila kujionea huruma, weka sampuli zilizobanwa karibu na mbabula lakini si juu yake, katoni za mawimbi ziwe kati ya kila tabaka ili hewa ipite. Andika kwa penseli. Wino wa kalamu unakimbia ukilowa na unabaki na kikaratasi cheupe. Uyoga usiubane kabisa, unageuka uji. Upige picha ukiwa mbichi, juu, chini na ukikatwa katikati, andika harufu na rangi yake, kisha uukate vipande na kuukausha kwa joto dogo.

Na usidanganyike na unga. Masoko yetu yanauza dawa za maganda yaliyosagwa na mizizi iliyokatwa vipande, na mwanafunzi ananunua pakiti, anaandika jina aliloambiwa, anatafuta jina la kisayansi kwenye kitabu cha mtu mwingine, amemaliza. Hajamaliza kitu. Munkoyo tu, mzizi unaopondwa na kutiwa kwenye uji wa mahindi mpaka uji unayeyuka kuwa kinywaji, sokoni ni kifungu kimoja cha nyuzi za kahawia, lakini porini unatoka kwenye mimea zaidi ya mmoja, Rhynchosia na Eminia miongoni mwake. Ukitaka kujua ulichonunua, mwombe muuzaji akupeleke mpaka kwenye mmea uliosimama, mkautazame wote wawili. Mlipe siku yake. Kuna mizizi nisiyomshauri mtu kuigusa kwa mazoea: ule wa Securidaca, ukiukwaruza kwa kucha unatoa harufu kali ya dawa ya kuchua misuli, mtu anadhani ni wa kheri tu, kumbe ni sumu ukizidi.

Kutambua majina, nenda na sampuli nzuri kwenye hebaria, ile nyumba ya mimea iliyokaushwa, na uende na unyenyekevu. Kuna ya Kipopo nje ya mji, na kuna ya chuo. Mzee anayekaa kati ya yale makabati anaweza kukuambia jenasi kwa kutazama mshipa wa jani, na atakurudisha kama tawi lako halina ua. Mkusanyiko mkubwa wa mimea ya Kongo uko Meise, karibu na Brussels, urithi wa enzi za ukoloni, na sehemu ya picha zake sasa inaonekana kwa intaneti. Nilikuwa nachungulia usiku, pale vifurushi vya data ni nafuu, majani yaliyochumwa Katanga kabla babu yangu hajaoa.

Kikanda nitakisema kwa ufupi ingawa kinastahili memwari yake. Kile kipande cha rangi ya udongo kinachokatwa kwa kisu na kuuzwa na pilipili barabarani kimetengenezwa kwa viazi vidogo vya okidi za dembo, yale mabonde ya nyasi yenye maji, vilivyokaushwa, vikatwangwa na kupikwa na unga wa karanga. Ili upate kiazi lazima ung'oe mmea mzima. Okidi zote ziko kwenye orodha za CITES, mkataba wa biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, hivyo ukitaka kupeleka sampuli nje utahitaji karatasi zake. Ulizia mapema, si wiki ya safari.

Kisha kuna shaba, na hapa ndipo Lubumbashi haifanani na mahali pengine. Vilima vya shaba vya Katanga havina miti mikubwa. Vina nyasi na maua yaliyozoea udongo ambao ungeua mmea mwingine, na takriban 30 ya mimea hiyo haioti popote duniani isipokuwa kwenye udongo wa shaba na kobalti wa hapa kwetu. Mtaalamu wa mimea Paul Duvigneaud aliiandika miaka ya 1950 na 1960, François Malaisse akaendelea kwa miongo. Mmoja wa kabila hilo la maua ni Haumaniastrum katangense, wa jamii ya minti, mdogo, wa zambarau. Unapenda udongo wa shaba uliovurugwa, na kwa hiyo unaota pia mahali ambapo wahenga wetu, wale waliokuwa wakitengeneza misalaba ya shaba karne nyingi kabla ya mzungu, walijenga matanuri yao. Watafiti wa mambo ya kale waliwahi kuyatafuta matanuri hayo kwa kulifuata ua. Kazi ya mtu imebaki kwenye udongo, udongo umechagua mmea, mmea unamwonyesha mtu mwingine. Kama profesa anakuuliza ethnobotania ni nini, mpe mfano huo.

Lakini shaba hiyohiyo iko kwenye lengalenga, mchicha wetu. Katika mitaa iliyopigwa na moshi wa bomba kubwa la kiwanda cha kuyeyusha shaba kwa miaka mingi, nilikaa na mama mmoja bustanini kwake. Alijua kwamba upande mmoja wa kiwanja matembele yanatoka manjano na mafupi, akawa ameuacha upande huo kwa nyasi. Hakujua kwamba vumbi linalokaa juu ya majani ya upande mzuri nalo lina metali. Timu ya mtafiti Célestin Banza ilichapisha mwaka 2009 vipimo vya mkojo vilivyoonyesha kobalti nyingi kwa watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga. Nilimwambia ninachokijua: kuosha majani kwa maji mengi mara kadhaa kunaondoa vumbi, hakuondoi kilichoingia kwa mizizi; chokaa na mboji vinapunguza kinachoingia. Akaniuliza chokaa ni bei gani. Nilikuwa sijauliza, nikaenda kuuliza dukani siku hiyohiyo. Jiandae kwa maswali ya namna hiyo, maana yanakuja kabla hujafunga daftari.

Kwa waganga ni mwendo mwingine. Mmoja alikubali kunionyesha miti, hakukubali niandike mchanganyiko. Kabla ya kuchimba aliacha noti mguuni pa mti, akachukua mzizi wa upande mmoja tu, akafukia. Nimeandika mti na namna ya kuchimba, basi. Itifaki ya Nagoya ya 2010 inataka wenye maarifa waridhie na wafaidike, lakini hata bila itifaki mtu akikwambia usiandike, usiandike. Wengine watakuuliza kama unakwenda kuwauzia wazungu. Swali la haki, lijibu bila kukasirika.

Gharama: usafiri ulikula zaidi ya nusu ya pesa zangu, na nauli inapanda barabara ikiharibika, yaani wakati uleule mimea inapotoa maua. Kilichofuata ni fidia za siku za watu, kisha bidhaa nilizonunua, mwisho kuchapisha na kujalidi memwari, ambako kuliniacha na deni kwa shangazi. Chuo hakikutoa kitu. Ukipanga bajeti, anza na nauli ya kurudi.

Maana kurudi ni lazima. Nilichapa kurasa chache kwa Kiswahili, picha ya kila uyoga na mti wake, nikazipeleka soko la Kenya. Mama alivaa miwani, akapitia taratibu, akaweka kidole kwenye picha moja: huu si wa msuku, nimeuona kila mwaka chini ya mutondo. Mwenzake wa meza ya pili akabisha. Wakaitana, wakawa wanne, uuzaji ukasimama. Memwari ilikuwa imeshatetewa na kupewa alama. Nimeandika majina ya miti yote miwili kwenye nakala yangu, na mvua za kwanza zikianza tunakwenda barabara ya Kasenga na wote wawili, kila mmoja anasema atalipa nauli ya mwenzake akishindwa.